Mrejesho: Cherehani ya bibi imekubali kushona

Wakuu, wiki tatu zilizopita niliomba msaada hapa. Cherehani ya bibi, ile ya kukanyaga, ilikuwa inarundika uzi chini ya kitambaa, nami nilitaka kushona mfarishi wa viraka kwa khanga zake kuukuu. Nimerudi.

Mliosema tatizo liko juu, mlipatia. Mimi nilikuwa nahangaika na bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, kumbe uzi wa juu haukuingia katikati ya vile visahani vinavyoubana. Nikainua kile kichuma kinachokandamiza kitambaa, nikautunga uzi upya, nikabadilisha na sindano. Mshono ukanyooka kama mstari wa daftari. (Fundi mmoja alishaniambia niiuze chuma chakavu. Acha tu.)

Aliyesema nifue khanga zote kwanza, Mungu akubariki. Moja nyekundu ilichuja rangi beseni zima. Ningeiunga vile vile, zile nyeupe zingekwisha.

Mama aliponiona nakata akavuta mkeka. Sasa yeye anakata viraka vya mji, ile sehemu ya katikati ya khanga, mimi naunga, na pindo tumeziweka kando za kuzungushia ukingo. Majina, yale maneno yaliyoandikwa kwenye khanga, tumeyaacha mazima, isipokuwa moja: nilipima vibaya, mshono ukameza neno la mwisho, inasomeka "Mgeni njoo mwenyeji". Hakuna apone! Mama alicheka hadi akashika ukuta, akanikataza kufumua.

Imebaki bitana tu. Picha nitaleta.