Brutus na Yuda: nani msaliti zaidi?

Kalamu Kavu: Katika tamthilia ya Shakespeare, Brutus anamuua Caesar, rafiki yake, akidai anaiokoa Roma isitawaliwe na mtu mmoja, na katika Injili, Yuda anamuuza Yesu kwa vipande 30 vya fedha. Naona Brutus ana nafuu, kwa kuwa hakutafuta faida yake. Yuda ndiye aliyeshika mfuko wa fedha wa wanafunzi, na tabia za watunza fedha tunazijua.

Mama Hesabu: Ndugu yangu, mimi ni mhasibu, na kijembe hicho nimekisikia. Anayemwita Yuda mwizi ni Yohana peke yake. Mathayo, anayetaja bei, anamwonyesha akirudisha vipande vyote 30, akivitupa hekaluni na kukiri kwamba ameisaliti damu isiyo na hatia. Nitajie mwizi mmoja aliyerudisha hesabu kamili bila kukaguliwa.

Mzee wa Jukwaa: Kurudisha fedha hakumfungui aliyekwisha kukamatwa, dada. Hata Dante, mshairi wa Italia, katika utenzi wake wa Jehanamu aliwatupa Yuda, Brutus na Cassius, mshirika wa Brutus katika mauaji, pamoja katika vinywa vitatu vya Shetani, kwa hiyo wako sawa.

Mama Hesabu: Hawako sawa, mzee wangu, maana Yuda ndiye aliyetanguliza kichwa kinywani, na wale wengine vichwa vyao vinaning'inia nje. Lakini kama kipimo ni fedha, soma ugomvi wa hemani katika tamthilia. Brutus anamsuta Cassius kwa kula rushwa, kisha, papo hapo, anamlaumu kwa kumnyima dhahabu ya kulipa askari, eti yeye hawezi kupata fedha kwa njia chafu. Yaani Cassius achafuke, Brutus alipe mishahara! Katika vitabu vyangu huo hauitwi uadilifu.

Kalamu Kavu: Nilisema watunza fedha, sikusema wahasibu. Hoja yangu ni nia. Brutus, akiwa peke yake usiku bustanini, anasema hana kinyongo na Caesar. Anachohofia ni vile atakavyobadilika akivikwa taji, kama yai la nyoka ambalo ni heri livunjwe kabla halijaanguliwa.

Msomaji wa Injili: Basi anamuua mtu kwa kosa ambalo bado hajalitenda, huku akisukumwa na barua za kughushi alizotupiwa kwa hila ya Cassius. Tena mnataja fedha tu na kusahau mabusu: Yuda alimbusu Yesu bustanini, na Brutus aliubusu mkono wa Caesar muda mfupi tu kabla ya kumchoma, akisema hambembelezi. Yuda alikiri kosa. Brutus alijiua vitani Philippi bila kutamka hata mara moja kwamba alikosea, na bado Antony, adui yake, akamsifu kuwa Mroma bora kuliko wote.

Mzee wa Jukwaa: Mnamsafisha Yuda mno. Yesu mwenyewe alisema ingekuwa heri mtu yule asingalizaliwa.

Msomaji wa Injili: Sikatai, mzee. Lakini Petro alimkana mara tatu usiku uleule, tena bila kulipwa na yeyote, naye akasamehewa. Yuda alikwenda na majuto yake kwa makuhani wakuu, watu walewale waliomlipa, nao wakamwambia hayo hayawahusu. Mnadhani angejinyonga kama angekwenda kwa Petro?