Naomba ushauri: mtambo gani unatoa ramu yenye ladha nzito, wa chungu au wa mnara?

Mtonyo
Habari za wakati huu, wanajukwaa. Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu, na leo nimelazimika kuandika kwa sababu jambo lenyewe linaninyima usingizi. Nataka kutengeneza ramu yangu mwenyewe nyumbani kwa kutumia molasi, ule uji mweusi unaobaki sukari ya muwa inapotengenezwa, na nimesoma mengi hadi nimechanganyikiwa kuliko nilivyoanza. Wapo wanaosema mtambo wa chungu ndio unaobakiza ladha, na wapo wanaosema mtambo wa mnara ndio unaotoa kinywaji safi. Mimi napenda ramu nyeusi na nzito, yenye harufu ya vanila na sukari iliyoungua. Je, ninunue upi? Na ladha hizo huingia wakati gani: wakati wa kuchachua, wakati wa kukeneka (kuchemsha na kuupooza mvuke uwe kinywaji), au baadaye kwenye chupa? Nina wiki tatu tu. Nawasilisha.

Mnusaji
Mleta uzi, swali lako ni zuri na nimefurahi kwamba hukuanza na habari za vionjo vya madukani. Ladha ya ramu huanza kabla moto haujawashwa. Hamira inapokula sukari ya molasi, pamoja na kilevi hutoa pia asidi kidogo kidogo, na bakteria nao huongeza za kwao; asidi hizo zikikutana na kilevi huzaa esta, yaani kemikali zenye harufu. Esta moja inanukia ndizi mbivu, nyingine inanukia nanasi, na ile iliyo nyingi kuliko zote inanukia kama dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Jamaica wamefanya jambo hili kuwa sanaa: wanayahifadhi masalia yanayobaki chunguni baada ya kukeneka, yanazidi kuchacha na kuwa makali, kisha wanayarudisha kwenye mchanganyiko unaofuata ili asidi iwe nyingi na esta ziwe nyingi zaidi. Kisiwani Martinique wao hutumia maji ya muwa mbichi badala ya molasi, ndiyo maana ramu yao hunukia majani, na tangu mwaka 1996 jina la ramu ya Martinique linalindwa kisheria kama yanavyolindwa majina ya mvinyo wa Ufaransa.

Sasa chungu na mnara. Mnara, ule ambao mvumbuzi Aeneas Coffey wa Ireland alipata hataza yake mwaka 1830, huukeneka mvuke mara nyingi ndani ya mtambo mmoja, kwa hiyo kinachotoka juu ni kilevi kikali kilichoacha nyuma sehemu kubwa ya harufu yake. Chungu hukeneka mara moja tu, na kwa sababu hiyo kinabeba harufu nzuri na mbaya kwa pamoja. Kwa ramu nyeusi jibu ni chungu. Ila fahamu kwamba vanila na ule weusi unaoupenda havitoki kwenye mtambo. Hutoka kwenye pipa la mwaloni lililochomwa ndani, na pipa halina habari na wiki zako tatu.

MjaMnyenyekevu
Ndugu yangu, kabla hujachagua mtambo ungechagua kwanza kama unahitaji pombe yenyewe. Mimi niliacha miaka tisa iliyopita, na asubuhi zangu zimekuwa ndefu na tulivu. Sikuhukumu, nakukumbusha tu.

FundiLehemu
Mleta uzi, nina swali dogo. Mtu anayetaka kununua mtambo huuliza ukubwa, huuliza chanzo cha moto, huuliza mahali pa kuuweka. Wewe umeuliza ladha na umetaja wiki tatu. Je, ni kweli huna mtambo bado?

Mtonyo
Asante, Mnusaji, maelezo yako nimeyahifadhi. MjaMnyenyekevu, nimekusikia, kaka.

FundiLehemu, sijanunua mtambo, hilo ni kweli. Ila nimefanya jaribio dogo kwa vifaa nilivyokuwa navyo, nikapata kama lita nne. Tone la kwanza lilinuka dawa ya rangi ya kucha kama alivyoeleza Mnusaji, nikalimwaga. Lililofuata lilikuwa zuri, isipokuwa lina utamu fulani unaobaki ulimini, kama mtu aliyelamba kijiko cha chuma chenye sukari. Ndiyo maana nauliza kuhusu ladha: je, vanila inaweza kuufunika utamu huo?

FundiLehemu
Kilevi kilichokenekwa hakina sukari hata chembe, kwa sababu sukari haipandi na mvuke, inabaki chunguni. Kwa hiyo utamu huo umeingia baadaye, njiani. Kipoozeo chako, yaani bomba linaloupooza mvuke, kimetengenezwa kwa kitu gani?

Mtonyo
Ni cha shaba, mkuu. Na nimesoma kwamba shaba inafaa kabisa, kwa sababu inakamata ile harufu ya salfa inayofanana na mayai yaliyooza.

FundiLehemu
Ni kweli shaba hukamata salfa. Lakini nauliza shaba ipi, imeungwa kwa lehemu gani, na ilikuwa kitu gani kabla haijawa kipoozeo?

Mtonyo
Sawa. Ilikuwa rejeta ya gari. Nisikilizeni kwanza kabla hamjanivamia. Nimeiosha mara tatu kwa maji ya moto na siki, nikapitisha mvuke mtupu kwa muda wa saa nzima, na maji yaliyotoka mwishoni yalikuwa meupe kama ya chupa. Kazi ya rejeta ni kupooza na kazi ya kipoozeo ni kupooza, sasa tofauti iko wapi? Isitoshe, mjomba wangu anastaafu baada ya wiki tatu, na nimekwishawaambia ndugu wote kwamba kinywaji cha siku hiyo kitakuwa cha mkono wangu. Siwezi kurudi nyuma. Ninachoomba ni ushauri wa ladha.

Kicheko
Kwa hiyo siku ya sherehe mjomba ataulizwa anakunywa kwa glasi au afungue boneti.

BintiKemia
Mtonyo, rejeta za zamani za shaba ziliungwa kwa lehemu yenye madini ya risasi, na mvuke wa kilevi huja na asidi ya siki ndani yake. Asidi hiyo ikigusa risasi hutengeneza chumvi ambayo zamani iliitwa sukari ya risasi, na haikuitwa hivyo kwa mzaha: ni tamu kweli. Halafu kuna kile kimiminika cha kupoozea injini ambacho mara nyingi hubaki kwenye mikunjo ya rejeta, nacho ni kitamu pia na kinaharibu figo. Sisemi kwamba najua ni kipi kati ya hivyo viwili unachokionja, kwa sababu ulimi si maabara. Nasema kwamba katika kinywaji kisichopaswa kuwa na utamu wowote, hakuna maelezo mazuri ya utamu huo. Na kuiosha kwa siki ni sawa na kuichokonoa risasi iamke.

Jambo hili ni la zamani kuliko magari. Mwaka 1723 bunge la Massachusetts huko Amerika, wakati huo ikiwa koloni, lilipitisha sheria ya kukataza vifuniko na mabomba ya risasi katika mitambo ya ramu, kwa sababu wanywaji walikuwa wakipata msokoto mkali wa tumbo na wengine kupooza mikono. Walijua hayo bila darubini wala kipimo cha damu. Vanila haitafunika kitu. Itakusaidia tu kukinywa kingi zaidi.

NyusiZilizoota
Mimi naona mnamwandama kwa rejeta na mmesahau moto. Niliwahi kujaribu mambo haya jikoni, kwa jiko la gesi, nikakinga kwa chombo cha plastiki nilichokiweka karibu mno na jiko. Chombo kilijaa nikiwa nazungumza na simu. Moto wa kilevi mchana hauonekani. Ni ubuluu hafifu sana ambao jicho linaupita. Nilichokiona ni hewa juu ya meza ikicheza kama juu ya lami wakati wa jua kali, kisha nikasikia harufu ya nywele, na nywele zenyewe zilikuwa zangu. Nyusi zilichukua miezi kurudi, na ya kushoto imerudi ikiwa na pengo. Mleta uzi, ukinge kilevi mbali na moto, kwenye chombo cha kioo au cha chuma kisichoshika kutu, na njia ya mvuke isizibwe kamwe, kwani chungu kilichoziba ni bomu.

MjaMnyenyekevu
Yote haya yangeepukwa kwa juisi.

MchujaChai
Nimesoma kuanzia juu na ninaomba nitofautiane nanyi: hii ni chai, na mmeinywa ikiwa ya moto. Rejeta za magari ya leo ni alumini na matangi yake ni ya plastiki. Sasa huyu bwana shaba yake ameitoa wapi? La pili, lita nne si jaribio dogo. Mchanganyiko wa asilimia 10 ya kilevi utahitaji lita 20 na ushee ili kupata kiasi hicho kikiwa na nguvu ya karibu nusu kwa nusu, na mtu mwenye chungu cha lita 20 haji kutuuliza anunue mtambo gani. La tatu, hajataja joto hata mara moja. Mleta uzi, hilo tone la kwanza ulilimwaga mpaka kipimajoto kilipofika nyuzi ngapi?

Mtonyo
Nililimwaga mpaka nyuzi 64.7, ambapo methanoli, ile pombe yenye sumu, huisha.

MchujaChai
Asanteni, nimemaliza. Nyuzi 64.7 ni kiwango cha kuchemka cha methanoli ikiwa peke yake, kama vile 78.4 ni cha ethanoli, yaani kilevi chenyewe, ikiwa peke yake. Mchanganyiko wa asilimia 10 huanza kuchemka juu ya nyuzi 90. Hakuna mtu aliyekaa mbele ya mtambo halisi akaona kilevi kikitiririka kwenye 64.7. Namba hiyo imenakiliwa mahali, na uzi mzima umenakiliwa pamoja nayo.

BintiKemia
Hesabu ya MchujaChai ni sahihi, na niongeze kwamba methanoli haitoki yote mwanzoni ikaisha. Inatawanyika katika safari nzima. Bahati ni kwamba molasi huzaa kidogo sana, kwa kuwa methanoli hutokana zaidi na pektini, ile gundi ya asili ya matunda. Vifo vingi tunavyovisikia husababishwa na watu wanaochanganya methanoli ya viwandani kwenye pombe ili waiuze. Lakini kukosea kuhusu joto si ushahidi kwamba rejeta haipo.

Kicheko
Naomba uzi ufungwe, na aliyeshinda apewe chupa namba moja.

Mtonyo
Mnaniita mwongo, na kwa sehemu mna haki. Sikuwa na kipimajoto. Namba hiyo niliikuta kwenye video nikaiandika kwa sababu niliona aibu kusema nilimwaga kwa kukisia, kikombe kimoja cha chai na nusu. Mtambo nao ninao, nilisema ninunue ili msiniulize ulivyotengenezwa.

Lakini rejeta ipo. Ni ya gari kuukuu lililolala nyuma ya nyumba tangu nikiwa mtoto, na ni nzito kiasi kwamba niliibeba kwa kuikumbatia. Tangi lake la juu ni la shaba ya manjano, si plastiki. Baada ya kusoma alichoandika BintiKemia niliichukua tochi nikaitazama upya. Kwenye kila kiungo kuna mstari wa kijivu, laini, ambao ukucha unauacha alama. Nilipoukwaruza kwa kisu ulitoa mng'aro kama wa fedha, na asubuhi ulikuwa umefifia tena. Mahali ambapo kilevi hutokea kuna ukoko wa kijani, na chini ya ukoko huo kuna unga mweupe. Sikuuona unga huo siku nilipoosha, au niliuona nikaupuuza.

FundiLehemu
Mimi nalehemu kila siku, na mtu anayetunga hadithi hawezi kuujua mstari unaoshika alama ya ukucha. Namwamini. Mtonyo, kinywaji hicho kimwage chote, wala usifikirie kukikeneka tena kwa rejeta ileile. Ukija kujenga upya, tumia koili ya shaba mpya iliyoungwa kwa lehemu isiyo na risasi, na kabla ya yote soma sheria ya unapoishi. New Zealand waliruhusu watu kujikenekea kwa matumizi ya nyumbani tangu mwaka 1996, lakini nchi nyingi bado zinataka leseni hata kwa chupa moja.

Mnusaji
Na kuhusu sherehe, kwa wiki tatu inawezekana kabisa kupata unachokitaka bila mtambo wowote. Nunua ramu nyeupe ya kawaida iliyofungwa kiwandani. Kwa kila lita, pasua ganda moja la vanila kwa urefu, litumbukize, onja kila siku, na ulitoe mara harufu yake inapoanza kuutangulia mdomo. Vipande vya mwaloni vilivyochomwa hutoa vanila yao wenyewe na ukavu kidogo. Navyo vionje kila siku, kwani vikizidi utakunywa mbao. Sukari iungue hadi ikaribie kuwa chungu, izime kwa maji kidogo ukiwa umekaa mbali na mvuke wake, kisha uiongeze kwa kijiko kwa ajili ya rangi. Ganda la chungwa ukiliweka, ondoa ule weupe wa ndani. Itakuwa ya mkono wako bila uongo wowote.

BintiKemia
Lita nne ni takriban chupa tano. Zote tano ziko mbele yako?

Mtonyo
Ziko nne. Ya tano nilimpelekea mjomba Jumapili ili aonje mapema. Nimempigia sasa hivi. Anasema amekunywa vidole viwili kila jioni, na kwamba ameipenda hasa kwa ule utamu wake wa mwisho.

BintiKemia
Asinywe tena. Mpeleke hospitali leo akapimwe damu na figo, nenda na chupa yenyewe, na uwaeleze bila kuona haya kwamba ilipita kwenye rejeta. Wewe uliyeonja upimwe pia.

Mtonyo
Tunakwenda jioni hii hii, nimeshamwomba binamu gari. Rejeta nimeifunga kwenye gunia. Naomba niulize la mwisho, FundiLehemu: chungu chenyewe hakina tatizo, sivyo? Hicho ningependa kubaki nacho.

FundiLehemu
Kabla sijakujibu, chungu hicho kilikuwa kitu gani kabla hakijawa chungu?