Kutembea njia za vita kwa miguu: Matumbi, Beho Beho au Salaita?

Mguu_wa_Kinondoni: Wakuu habari za jioni. Tupo watano hapa Dar tunataka kutembea sehemu zilizopiganwa vita vya Majimaji na Vita Kuu ya Kwanza, sio kushuka kwenye gari tukapiga picha na mnara tukarudi, tunataka jasho litoke siku mbili tatu na tuwe na kiongozi anayejua anachoongea. Machaguo: Matumbi kule Kilwa, Beho Beho ndani ya Hifadhi ya Nyerere, au Salaita upande wa Taveta, Kenya. Waliofika tupeni ukweli.

Mama_Naima_Mbagala: Beho Beho nimeenda Agosti. Kaburi la Selous lipo, yule mwindaji wa Kiingereza aliyepigwa risasi palepale tarehe 4 Januari 1917 akiwa na miaka 65, halafu pori zima likaja kupewa jina lake, hii Nyerere imekuja 2019 tu. Ila usidhani utatembea unavyotaka mdogo wangu. Mnaenda nyuma ya askari wa wanyamapori mwenye bunduki, mmepanga mstari kama siafu, akinyanyua mkono mnaganda. Yule wetu aliokota kinyesi cha tembo akakipasua kwa vidole akanusa, akasema hiki cha sasa hivi, akatuzungusha mbali hukooo mpaka tukalalamika, dakika chache tukawaona tembo palepale tulipotaka kupita. Kwa pori namvulia kofia. Kwa vita alituambia sentensi mbili tukamaliza. Na andaa hela, kiingilio, gari, kulala, vyote juu yako.

fundi_simu_kkoo: Salaita msiende kwa ajili ya kutembea. Historia ipo nzito, Waingereza na Wasauzi walikishambulia kile kilima 12 Februari 1916 wakachapwa na jeshi la Lettow-Vorbeck, yule kamanda wa Wajerumani, mwezi uliofuata wakaja kupigana tena Latema na Reata. Ila ni vilima vya kupanda na kushuka ukarudi kula mchana. Utoke Dar kwa basi mpaka Moshi, uvuke Holili na makaratasi yako, kwa kilima cha masaa mawili? Labda kama una shemeji Taveta.

Mguu_wa_Kinondoni: 😂 sina. Matumbi je? Kuna kampuni imenitajia bei nzuri.

mjukuu_wa_Kipatimu: Kampuni ipi usiitaje hapa, ila uliza kwanza nani anawaongoza. Mwaka juzi nilijiunga na kundi, wakatupa kijana wa mjini anasoma historia kwenye simu, mtandao ulipokata na historia ikakata. Kwetu kabisa halafu mimi ndio namwonyesha njia!

Matumbi ndiko Majimaji ilikoanzia, Nandete, Julai 1905, watu waling'oa pamba waliyolazimishwa kulima. Ni milima kweli, magoti yatakukumbusha umri. Mnaingilia Njia Nne mnapanda Kipatimu, mnaripoti ofisi ya kijiji, mnaomba mzee. Sisi baadae tulipata mzee mmoja, kufika mdomoni mwa pango la Nang'oma akavua kandambili, akapiga kofi taratibu, akatuambia subirini. Tukasubiri. Ndani akazima tochi zote, popo wanapita juu ya kichwa, akasema humu walilala watu na watoto wao wanamkimbia Mjerumani. Sikutaka kuongea mpaka tumetoka.

fundi_simu_kkoo: Hiyo nimeielewa. Mimi kiongozi namjaribu na swali moja tu, mizigo ya jeshi alibeba nani? Akikutajia majenerali tu ujue kasoma juu juu. Mimi nafungua duka kila siku Kariakoo, jina lenyewe limetoka kwa wapagazi wa jeshi la Mwingereza waliokaa hapa, Carrier Corps. Nendeni pale Sanamu ya Askari, msome maandishi ya Kiswahili, wapagazi wametajwa.

Mama_Naima_Mbagala: Kweli, yule wetu ningemuuliza hilo. Bado nasema Beho Beho kama mna hela na hamjawahi kutembea porini, ila kwa vita nendeni Matumbi.

Mguu_wa_Kinondoni: Basi Matumbi. Mwezi wa nne inafaa?

mjukuu_wa_Kipatimu: Masika hiyo kaka, utelezi mtashuka kwa makalio. Njooni Julai au Agosti. Mzee mlipeni mkononi kwake, na msimbebeshe mabegi yenu, nimeona watu wanafanya hivyo. Maji lita tatu kila mtu, abebe mwenyewe.