Pedali za Caterham Seven: kukunja akseleta, kufunga bati, au kununua seti mpya?

Msumeno45
Wakuu, naunda Caterham Seven, kigari kidogo cha michezo, huku Uingereza, chesisi nyembamba. Ile pana, inayoitwa SV, imeongezwa upana milimita 110, yangu haina nafasi hiyo. Navaa kiatu namba 45. Nikikanyaga breki, ubavu wa kiatu unagusa akseleta, na kushoto klachi imebanana na tuta la giaboksi. Naona njia tatu: kuikunja akseleta kuelekea kulia, kufunga bati juu ya pedali, au kununua seti ya pedali zinazorekebishika. Ipi ina maana?

Spana_Mkononi
Mkuu, umeshatoa upepo kwenye breki? Kama bado, usipime kitu. Pedali yenye upepo inazama sana na kila kipimo utakachochukua ni cha uongo. Funga kiti kwanza, vaa viatu utakavyoendeshea, funga mkanda, kisha kanyaga breki kwa nguvu kama mtu amekukatiza barabarani. Hapo pedali inapogota ndipo pa kulinganisha na akseleta. Breki iwe usawa nayo au juu kidogo. Ikizama chini ya akseleta, siku ya dharura kiatu kitakanyaga zote mbili.

DadaJiliwa
Mimi nasema kunja. Akseleta ni wenzo tu wa chuma. Itoe garini, ibane kwenye jiliwa, ikunje bila moto, kidogo kidogo, ukiirudisha na kujaribu. Ukimaliza, mtu akanyage hadi mwisho, wewe uangalie kama kebo inafungua lote koo la hewa, yaani mlango wa hewa wa injini. Weka boliti ya kuzuia nyuma ya pedali, mguu ugote hapo, usivute kebo. Ila pedali ya breki usiiguse kwa nyundo wala moto.

Kona_Kali
Nyie mnaangalia bei tu. Anayepeleka gari uwanja wa mbio anataka kushusha gia huku mguu uleule unabana breki na kugusa akseleta. Seti inayorekebishika inampa nafasi hiyo.

Spana_Mkononi
Kwa uwanjani sawa, kaka. Lakini uwiano wa wenzo wa pedali ukibadilika, uzito wa breki unabadilika, na mara nyingi masta silinda, zile zinazosukuma oili ya breki, nazo zitahitaji saizi nyingine. Gari bado halijapita IVA, ukaguzi wa Uingereza wa gari moja moja kabla ya kusajiliwa, na breki zitapimwa. Yeye shida yake ni upana.

Msumeno45
Na bati je? Au niinue breki kwa kurefusha fimbo ya kusukuma?

Spana_Mkononi
Bati linasaidia kimo, upana halisaidii. Fimbo ukiirefusha, bakiza uchezaji kidogo kabla haijagusa pistoni ya masta silinda. Bila huo pistoni hairudi mwisho, tundu la kurudishia oili linabaki limezibwa, breki zikipata joto zinajikaza zenyewe.

Msumeno45
Nimeelewa. Upepo kwanza, kisha akseleta kwenye jiliwa. DadaJiliwa, boliti ya kuzuia ulitumia M8, ya kipenyo cha milimita 8?

DadaJiliwa
M8, na nati mbili zilizobanana.