Mtandao wa wazazi Vihiga: dishi la setilaiti au laini ya simu?

Kutoka Minneapolis:

Wapendwa, hamjambo. Wazazi wangu wako Vihiga, bondeni chini ya vilima vya Maragoli. Simu haishiki ndani ya nyumba. Mama hutoka hadi chini ya mwembe ndipo tusikilizane. Ndugu zangu wanataka tuchange tununue Starlink, ule mtandao wa dishi la setilaiti. Nami natamani kuweka kamera getini na kifaa cha kunijulisha maji yakipungua kwenye tangi. Ninunue vitu hivi huku Marekani niwapelekee?

Kutoka Leicester:

Dada, salamu nyingi. Mimi kwetu ni Nakuru, na kazi yangu hapa ni kufunga antena kwenye minara. Tafadhali usitume pesa ya dishi bado.

Anzia kwenye mwembe huo. Kama simu inashika pale, mawimbi yanafika bomani. Yanazuiwa na mabati na kuta. Dawa yake ni ruta ya 4G yenye matundu ya antena ya nje. Antena hufungwa kwenye bomba juu ya paa ikielekezwa kwenye mnara, na nyaya mbili hushuka hadi kwenye ruta sebuleni. Nyaya ziwe fupi, maana kila mita inapunguza mawimbi. Fundi afungue ukurasa wa ruta kwenye simu, asome namba ya RSRP, yaani nguvu ya mawimbi ya mnara (ikikaribia sifuri ndiyo bora), huku mwenzake akizungusha antena polepole. Wakipata -85 hivi, mko salama. Ikibaki -110 au chini zaidi, mtahangaika hata mkinunua bando kubwa namna gani. Ajaribu laini ya Safaricom, kisha ya Airtel, tena jioni wakati watu wengi wako mtandaoni. Kwenye vilima kama hivyo, mnara unaomfikia jirani wa ng'ambo ya mwamba huenda usiwafikie nyinyi.

5G isikutie tamaa. Safaricom walianza kuijaribu Machi 2021 Nairobi, Kisumu, Kisii na Kakamega, lakini masafa yake ya juu hayafiki mbali.

Starlink iko Kenya tangu Julai 2023, na boma lisilofikiwa na mnara wowote ningeliambia linunue bila kusita. Setilaiti zake ziko kilomita 550 hivi juu, si 35,786 kama zile ambazo kituo cha setilaiti cha Longonot kilijengewa mwaka 1970, ndiyo maana mazungumzo ya video hayachelewi. Ila dishi linataka anga wazi. Mparachichi ukiingia kati, mtandao unakatika kila setilaiti inapopita nyuma yake. Mvua kubwa za huko nazo hukatiza kidogo, na radi mnazijua wenyewe: nguzo ifungwe waya wa kushuka ardhini.

Halafu kuna stima. Dishi la kawaida hula wati 75 hadi 100, lile dogo la Mini 25 hadi 40, ruta ya 4G kwa kawaida haizidi 15. Stima ikipotea, betri ya volti 12 ya amp-saa 100, ukiitumia nusu tu, italisha dishi la kawaida saa sita hadi nane. Ruta itakesha na kushinda, na usiku wa pili bado iko hewani. Kwa wazee ambao huenda wakahitaji kuita msaada usiku, mimi ningechagua kwa hesabu hiyo kabla ya kuangalia kasi.

Na usinunue Marekani. Ruta za soko la huko mara nyingi hazina bendi 20, yale masafa ya megahezi 800 ambayo 4G ya Kenya huyatumia vijijini. Hata dishi, nunua Kenya na ulisajili Kenya.

Kutoka Minneapolis:

Asante sana, kaka. Na kamera je?

Kutoka Leicester:

Kamera ndiyo italimaliza bando. Ikirusha video mfululizo kwa megabiti 1 kwa sekunde, hiyo ni gigabaiti 10.8 kwa siku, zaidi ya 300 kwa mwezi. Irekodi kwenye kadi yake, na itume picha mtu anapopita tu. Tangi halina shida: kipimo kinachotuma namba chache kila dakika kumi hutumia megabaiti chache mwezi mzima. 2G inatosha, na huko Kenya bado ipo; huko kwenu kampuni ya simu ya AT&T waliizima mwanzoni mwa 2017.

Kutoka Kisumu:

Dada, mimi nilisharudi nyumbani, niongeze mawili. Laini ya ruta isajiliwe kwa kitambulisho cha mtu aliye kijijini. Ikipotea nawe uko Marekani, nani ataibadilisha? La pili, msitupe laini ya kawaida hata mkija kununua dishi. Huku Magharibi tulipitiwa na maputo ya Loon mwaka 2020, yakituletea 4G kutoka kilomita 20 angani, na ilipofika Machi 2021 huduma ilikuwa imefungwa. Simu ya mama ibaki na njia yake.

Na kabla hujamlipa fundi salio lake, mwambie akupigie video akiwa jikoni kwa mama, mlango umefungwa.