Kerneli mpya ya FreeBSD imewaka, picha zimegoma

mkunja_waya: Wakuu, nisaidieni. Nina laputopu yenye mfumo endeshi wa FreeBSD 14.3 na nimechoka kuitumia bila kujua ndani yake kuna nini, hasa kerneli, yaani kiini cha mfumo. Nikavuta msimbo chanzo:

`git clone https://git.FreeBSD.org/src.git /usr/src`

Nikanakili GENERIC, faili la mipangilio ya kawaida ya kerneli, nakala nikaiita LAPU, nikafuta mistari ya kadi za RAID (za kuunganisha diski nyingi) ambazo mashine hii haijawahi kuziona. Kisha `make buildkernel KERNCONF=LAPU` kuijenga, halafu `installkernel` kuisakinisha. Feni ilivuma usiku kucha, hakuna kosa hata moja. Asubuhi maandishi yanatoka vizuri, ila nikiita mazingira ya picha napata hivi:

`KLD drm.ko: depends on kernel - not available or version mismatch`

LAPU nimeipitia mstari kwa mstari mara tatu. Nimefuta nini nisichopaswa kufuta?

saraka_tupu: Hebu andika `uname -r`, uone toleo la kerneli.

mkunja_waya: Inasema 16.0-CURRENT! Mbona sikuomba hiyo?

saraka_tupu: Uliiomba bila kujua. `git clone` isiyo na `-b` (ya kuchagua tawi la msimbo) inakupa tawi la main, wanakotengenezea toleo lijalo. LAPU yako haina kosa. Hiyo drm.ko, moduli (kipande cha kuongezea kwenye kerneli) inayoendesha picha, ilikuja kwenye kifurushi kilichojengwa kwa ajili ya 14, kerneli ikaona toleo si lake, ikaikataa. Na imefanya vyema: moduli ya toleo jingine ikiingia inaweza kuiangusha mashine nzima.

Kwanza rudi kwenye kerneli ya awali iliyokuwa ikifanya kazi; `installkernel` iliihifadhi kwa jina kernel.old. Kwenye menyu ya kuwashia toka hadi upate mstari wa amri wa loader (programu inayopakia kerneli), andika `boot kernel.old`. Huna haja ya kupakua upya, maana clone yako ina matawi yote, likiwemo la 14.3:

`git -C /usr/src checkout releng/14.3`

Futa yaliyomo /usr/obj, yaani mazao ya ujenzi uliopita, ujenge tena.

nati_ya_nane: Naongeza jambo moja, tafadhali usilipuuze. Kernel.old ni nafasi moja tu. Ukiwasha kwa kerneli mpya kisha ukasakinisha nyingine, ile ya awali imekwenda. Kwa hiyo ukishawaka salama, kabla ya kugusa chochote:

`cp -R /boot/kernel.old /boot/kernel.nzima`

Mimi niliwahi kukosa nakala hiyo, nikaokolewa na diski ya usakinishaji.

Tena usinakili GENERIC yote. Faili la LAPU liwe fupi:

```
include GENERIC
ident LAPU
nodevice mfi
nodevice mpr
```

GENERIC ikibadilika kwenye toleo lijalo, mabadiliko yatakufikia yenyewe, na ukisoma faili lako baada ya mwaka utaona mara moja ulichoondoa.

mkunja_waya: Nimejenga upya kwa faili hilo la mistari minne. Picha zimerudi, `uname -r` inaanza na 14.3-RELEASE, na `uname -i`, inayotaja jina la mipangilio ya kerneli, inajibu LAPU. Nakala ya kernel.nzima ipo. Sasa naanza kusoma sys/kern, msimbo wa kerneli yenyewe, faili moja kila jioni.