Saa ya marehemu baba inabadilisha tarehe magharibi, fundi anasema mashine imekwisha. Nifanyeje?

Mtoto wa Mtambwe

Assalam alaykum wanajamvi.

Baba yetu ametangulia mbele ya haki miezi miwili iliyopita, kule Pemba. Mkononi alikuwa na Seiko 5 ya otomatiki, aliyoletewa na ami yake alipokuja kututembelea kutoka Maskati mwaka 1989. Dada yangu ndiye aliyemvua kabla hajaoshwa, akanikabidhi, nami nikaivaa pale pale. Sikuwa na fikra yoyote, nilitaka tu isisimame.

Sasa ina maradhi matatu. La kwanza, inachelewa, kama dakika ishirini kwa siku, kila asubuhi naisogeza. La pili, tangu masika yaanze kioo kinashika ukungu kwa ndani, jua likipanda unaondoka. La tatu, na hili ndilo lililonipeleka kwa fundi: tarehe inabadilika magharibi. Si usiku wa manane. Magharibi, watu wanatia udhu. Tarehe inaruka kwanza, halafu siku inajikokota: Alhamisi ya Kiarabu inaondoka taratibu, linatokea FRI la Kiingereza, linakaa hapo, mpaka isha imeshapita ndipo inasoma Ijumaa kwa Kiarabu.

Fundi mmoja hapa mjini aliitikisa sikioni, hakuifungua hata mfuniko, akasema meno ya tarehe yamelika na mashine ni ya kutupa. Atatia mashine ya betri na kuupaka uso rangi upya, elfu hamsini. Kaka yangu aliye Dubai anasema tuiuze, saa hizi zina wateja mitandaoni. Dada hataki iguswe kabisa. Hata mkanda hataki uoshwe, anasema kwenye viungo mna harufu ya karafuu. Ni kweli, baba alikuwa akichuma nayo na kuanika nayo.

Mie nimekaa katikati. Nishaurini.

Yakhe Mkavu

Pole sana ndugu, Mungu amrehemu mzee. Lakini tusidanganyane, saa ya betri ya elfu kumi inakwenda sawa kuliko hiyo. Ndani mna kijiwe kinatetemeka mara 32,768 kwa sekunde, mashine ya springi itakifuata wapi? Hao hao Seiko ndio waliotoa saa ya mkono ya kwanza ya namna hiyo, mwaka 1969. Tia betri, ganda libaki la baba, nani atajua?

Mtoto wa Mtambwe

Dada atajua. Akrabu ya sekunde ya betri inaruka-ruka, hii inateleza. Alikuwa akiitazama toka mdogo, baba akimlaza mkononi.

Bi Mkubwa wa Vikokotoni

Kabla ya fundi, mwanangu, hiyo ni tirka, mali aliyoiacha marehemu ya kurithiwa. Mmerithi wangapi? Mama yenu yuhai? Usiipake rangi, usiiuze, wala usiivae ukajiona yako mpaka wote waridhie. Thamani yake ikiwa ndogo ndiyo kabisa, watu hawagombani kwa mashamba peke yake. Nimeona ndugu wamenuniana miaka sita kwa ajili ya redio.

Kisanduku cha Saa

Nakusanya saa za otomatiki, ninazo kumi na moja, mke wangu anadhani nne.

Geuza saa utazame mgongoni. Utaona namba nne za mashine, kistari, halafu namba za ganda. Pembeni kuna namba nyingine ya tarakimu sita. Ya kwanza ni tarakimu ya mwisho ya mwaka, ya pili ni mwezi. Zinasemaje?

Na uso usipakwe rangi, nakuomba. Nimenunua saa saba mtandaoni, nne zilikuwa zimepakwa upya. Unazijua kwa herufi nene zilizolala upande, na rangi ya machungwa iliyokoza ambayo waliozitengeneza hawajaiota. Mnunuzi anayejua akiona hivyo anaondoka. Mwambie na kaka yako kwamba Seiko 5 zilianza mwaka 1963 na zimetengenezwa nyingi mno, bei yake haitamtoa mtu Dubai.

Mtoto wa Mtambwe

7009. Ile nyingine inaanza na 84.

Kisanduku cha Saa

Mwezi wa nne, mwaka unaoishia na 8. Kwa kuwa imekuja 1989, basi ni 1988, ilikuwa bado mpya mpya. Na siku kuandikwa Kiarabu na Kiingereza ni kwa sababu iliuzwa Ghuba. Usiiache.

Fundi Mstaafu

Nimesoma yote nikanyamaza, sasa nina swali moja. Ikiwa saa mbili asubuhi, akrabu fupi ya saa hiyo inaelekea wapi?

Mtoto wa Mtambwe

Kwenye 2. Baba aliiweka hivyo siku zote, tukiwa skuli tulikuwa tukimcheka. Nami sikuibadilisha.

Fundi Mstaafu

Basi ugonjwa wako wa tatu si ugonjwa.

Mashine haijui magharibi wala usiku wa manane. Inachojua ni mizunguko: akrabu fupi ikizunguka mara mbili, tarehe inaruka pale kwenye 12. Mwenye kuweka saa kama inavyosomwa redioni kwa Kiingereza, hiyo 12 inamwangukia usiku wa manane. Baba yako aliiweka kwa Kiswahili, 12 yake ni magharibi. Wala hakubahatisha, maana 12 zipo mbili kwa siku, ingeweza kumwangukia alfajiri. Aliizungusha mpaka akaipata anayoitaka. Sisi Alhamisi jua likizama tunasema usiku wa Ijumaa umeingia, na saa ikasema hivyo hivyo. Wazee wa zamani hapa mjini walikuwa wakiziweka saa zao 12 kila jua linapozama, na hao hawakuwa na tarehe kwenye saa. Mzee wako kaitumia tarehe.

Siku kujikokota na kupitia Kiingereza nako ni kawaida. Lile gurudumu la siku lina majina kumi na nne, kila siku mara mbili, lazima lipite la lugha nyingine ndipo lifike lako.

Jambo moja tu ulishike. Saa hizi hazitaki tarehe kusogezwa kwa mkono wakati meno yameshaanza kuumana, yaani akrabu ikiwa inaikaribia 12 ile ya kubadilishia au imetoka kuipita. Vitabu vinasema toka saa tatu usiku mpaka saa kumi alfajiri. Kwa saa ya baba yako hesabu hiyo inageuka: ni toka saa tisa alasiri mpaka saa nne usiku. Ukiisogeza hapo ndipo utayala meno kweli.

Kuchelewa ni mafuta yamekauka. Hiyo haina ufunguo, hujazwa na mkono wako ukitembea, ikijaa inakwenda siku moja na nusu hivi. Inapiga mara sita kwa sekunde, mchana na usiku, uchafu kidogo tu unaichosha. Inataka kufunguliwa yote, kuoshwa, kutiwa mafuta ya saa. Si ya cherehani, na wallahi nimeshaona iliyotiwa ya nazi. Ukungu ni ule mpira wa mfuniko, umekauka, nao ndio wa kuwahi, kutu haingoji. Usiivae kwenye maji hata kama imeandikwa inahimili.

Na ikifunguliwa, uwepo. Tazama mfuniko kwa ndani.

Yakhe Mkavu

Kwa hivyo fundi wa mjini alitaka kuitoa roho saa kwa kosa la kusema Kiswahili 😂 Nafuta ushauri wangu.

Ukwaju

Mimi na huo mkanda. Dada yako ana haki yake, lakini ule weusi kwenye viungo ni jasho na chumvi, vinakula chuma na vile vijipini ndani. Siku moja utakatika ukiwa kwenye boti na saa iende chini ya bahari. Maji ya vuguvugu, sabuni, mswaki laini. Uvuliwe kwenye saa kwanza.

Kisanduku cha Saa

Harufu ya karafuu haitoki kwa sabuni, ana hofu ya bure. Nina saa ya babu yangu, muuza samaki. Nimeiosha mara tano.

Mtoto wa Mtambwe

Narudi na habari, wiki tatu baadaye.

Mama na kaka wameridhia ikae kwangu. Kaka alipoelezwa habari ya magharibi alinyamaza kwenye simu, nikadhani mtandao umekata. Akaomba nimpigie picha.

Nimeipeleka Chake kwa mzee mmoja, ana meza ndogo na lenzi jichoni, anafanya kazi mkono wa kushoto. Alifungua mfuniko mbele yangu, akauelekeza kwenye mwanga. Ndani mmechorwa kwa sindano, herufi ndogo kama miguu ya sisimizi: 11/94, na chini yake 7/03. Akasema hizo ni alama za mafundi, kila aliyeiosha ameandika. Toka 7/03 hakuna tena. Baba hakuwahi kutwambia kuwa aliipeleka kwa fundi.

Aliichukua siku nne. Mpira mpya, meno ya tarehe mazima. Sasa inachelewa sekunde kama ishirini kwa siku, nayo akasema kwa umri wake nisimsumbue. Ya kwake akachora pia.

Ila ilikuwa imesimama, ile niliyokuwa naiogopa. Ilikuwa saa nne asubuhi. Akaniuliza niiwekee vipi, nikamweleza. Hakushangaa. Akazungusha mbele mpaka tarehe ikaruka, akasema "magharibi hiyo", akaendelea mpaka akrabu ikaipita 12 ya pili na tarehe imetulia, akasimama kwenye 4.

Mkanda bado. Dada anataka awepo.